Nusu ya Kila Hadithi

Siku chache baada ya kumzika shemeji yangu Wilondja, tulikuwa nyuma ya nyumba yake tukiosha masufuria ya matanga, mikono ina majivu na povu mpaka kwenye viwiko, nikamsikia marehemu anakohoa. Kikohozi kile nakijua kuliko nyimbo za kanisa. Alikuwa anakohoa hivyo kila mara kabla ya kusema neno kubwa, ili watu wafunge midomo. Mama mmoja akaangusha kifuniko. Mwingine, mnene, ambaye hata siku za risasi hatukumwona akiharakisha, alikimbia mpaka kwenye migomba. Mimi nilicheka. Najua si vizuri mtu kucheka matangani, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu machozi yakaja juu ya kicheko, nisijue tena nafuta kipi. Maana nilijua ni nini. Alikuwa ni Riziki, mjukuu wangu, mwalimu wa historia hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Alikuwa ameweka kabafle kake, kale kaspika kadogo ka kuchezeshea muziki, juu ya kiti cha marehemu, mbele ya wazee wenzake, na shemeji alikuwa anaanza kuzungumza.

Watu wakikusimulia mwaka uliowafanya wawe watu, wanakupeleka kwenye ujana wao, kwenye nguvu na mashavu. Mimi ujana wangu niliutumia kubeba: maji, kuni, watoto, mizigo ya kukimbia vita, sahani. Mwaka wangu ulinikuta na mvi, na goti linalojua mvua kabla ya mawingu. Si zamani, simu zilikuwa zimekwisha kujaa Baraka, mpaka wauza mihogo wana simu. Nani alimzaa Riziki, nani alimwoa nani, hayo si ya leo. Leo ni mwaka ule tu. Ninayasema kwa mdomo, yeye anaandika, maana shule mimi niliionja tu kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Na nimemwonya: akiyanyoosha maneno yangu kwa pasi, atakula bugali bila sombe, kisamvu chetu.

Kwetu Wabembe wanaume wana lubunga. Ni banda lenye ukuta wa nusu, wanakaa humo, wanakula pamoja, wanaamua mashauri, wanasimulia habari za kale. Kila mwanamke mwenye mtu wake mle ndani anapika na kupeleka sahani. Unaingia umeinama kidogo, unaweka bugali, unaweka mboga, unaweka bakuli la kunawia, unatoka. Hakuna anayekufukuza. Unatoka tu, kama moshi unavyotoka. Na wao, kwa heshima, ukiingia wananyamaza, hata kama hadithi iko katikati, wanakungoja utoke. Kwa hiyo mimi tangu niolewe nimeijua historia ya watu wetu kwa nusu, kadiri ya hatua za kutoka mlangoni mpaka mezani. Nilijua chui aliingia kwenye kijiji cha mlimani. Sikujua kama alitoka. Nilijua ndugu wawili waligombania mbwa. Mpaka leo sijui nani aliwinda naye.

Na kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya moto. Nilikuwa bibi arusi, kitambaa cha kichwani bado kina rangi yake, nikapeleka ndakala, dagaa wetu wa ziwa, na bugali. Baba mkwe alikuwa anasimulia namna watu wetu walivyovuka maji kwenda Ubwari, ile rasi iliyo mbele yetu, zamani za kamba, wakati watu walikuwa wanakamatwa na kufungwa shingo na kupelekwa mbali wasirudi. "Mwanamuke akasimama kati ya mutumbwi," alisema, "iko na chungu cha moto mikononi, na upepo ikakuja." Akaniona. Akanyamaza. Niliweka sahani polepole kadiri adabu inavyoruhusu, nikasogeza bakuli la maji, nikalisogeza tena lilipokuwa. Naye akaendelea kunyamaza. Nikatoka. Nimepika, nimezaa, nimekimbia ng'ambo ya ziwa na kurudi, na miaka yote hiyo yule mwanamke amesimama ndani ya mtumbwi na chungu chake, upepo unakuja, hakai wala hazami. Mume wangu nilimwuliza mara moja tulipokuwa vijana. "Ile ni maneno ya lubunga," akasema, akageukia ukuta, na kwa habari ya ule moto hakugeuka tena mpaka alipokufa.

Basi, mwaka ule. Riziki alirudi kutoka masomoni Uvira na diploma yake ndani ya bahasha ya plastiki, wakamchukua sekondari kufundisha Kifaransa. Kabla hata hajazoea njia, mwalimu wa historia alipanda kwenye machimbo ya dhahabu akasahau kurudi. Prefe, mkuu wa shule, akamwambia Riziki, "Mademoiselle, utashika na historia." Kwa kitabu gani? Vitabu vya shule ile vilikwenda na vita. Vingine viliwashiwa moto wa kupikia na askari, vingine wanawake sokoni walivifungia karanga. Kilibaki kimoja, kisicho na kichwa wala miguu, kinaanza katikati ya vita vya Wazungu na kinakwisha kabla hawajapatana. Na mwenyekiti wa komite ya wazazi alikuwa nani? Shemeji yangu Wilondja, mkubwa wa lubunga ya mtaa wetu, mtu wa fimbo na kofia, ambaye hakuwahi kuona mwanamke akimweleza mtu habari za kale. Alisema mbele ya wazazi wote: "Tutamuangalia uyu binti mpaka Pasaka. Akishindwa, masomo ya historia tutapatia mwanaume." Riziki alinisimulia hayo akiwa amesimama jikoni, hajavua hata viatu vya shule.

Chumba chetu cha mbele wakati ule kilikuwa na meza moja, na meza ile ilikuwa ya kila kitu, kula, kupigia pasi, kusahihishia mazoezi ya watoto. Jioni moja Riziki alikaa pale na sahani ya lengalenga, mchicha wetu, mbele yake, hakuigusa. "Bibi," akaniambia, "leo mutoto mumoya ameniuliza, mwalimu, mbele ya Wazungu kufika, sisi tulikuwa tunafanya nini? Darasa mzima wakaniangalia. Nikasema tutaona juma ijayo." Nikamwambia, "Si ungemwambia tulikuwa tunalima?" Akasema, "Miaka mia tano, Bibi? Tunalima tu?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hali si nzuri. Mtoto wangu yule alikuwa na hofu ya Pasaka kama mtu mwenye hofu ya mahakama. Na mimi, mwenye nusu nusu zangu, ningemsaidia nini? Chui aliingia, mbwa aligombaniwa?

Wokovu ulikuja kwa makosa. Sokoni Baraka kulikuwa na mama mmoja wa Burundi, Odette, anakaa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, anakuja siku za soko na bamba lake la jua kuchaji simu za watu, na ukitaka anakuwekea nyimbo kwenye kadi ya simu. Riziki alimpa kadi amwekee kwaya za Noeli. Siku ile tulikuwa uani tunamenya mihogo, mimi na yeye, Riziki akabonyeza, na badala ya kwaya akatoka mwanaume mwenye sauti nzito, tulivu, na mwanamke akimwuliza maswali, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kile cha kupigwa pasi. Mwanaume akasema, "Na watu hawa walikuwa wakuu katika nchi yao." Nikasema, "Amina." Akasema, "Walifua chuma, wakauza shaba mbali, misalaba ya shaba ilikuwa fedha yao." Kusikia msalaba, nikasema, "Haleluya!" Riziki akaacha kisu.

"Bibi, uyu haiko muhubiri."

"Kama haiko muhubiri, juu ya nini anasema polepole hivi?"

"Anafundisha historia. Inaitwa podikasti."

"Podi nini?"

"Ni kama redio, Bibi, lakini inangojea mutu. We njo unaamua saa yake."

Sikumwamini. Redio naijua. Redio ni kama gari linalopita. Ukiwahi umewahi, ukienda kuchota maji umekosa, na mtangazaji hajui kama una mtoto anayelia. Mwanaume yule alikuwa anasema namna misafara ilivyokuwa inashuka mpaka kwenye maji yetu, na mimi chungu changu cha maharage kikaanza kulia jikoni. Nikasimama kama ninavyosimama siku zote, na moyoni nimekwisha kusema, haya, na hii nayo nusu. Riziki akabonyeza kwa kidole. Mtu mzima yule akanyamaza katikati ya neno. Nikaenda jikoni, nikaongeza maji, nikapunguza kuni, nikapuliza, nikajipangusa, nikarudi nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Riziki akabonyeza tena. Akaendelea palepale! Hakukasirika, hakuuliza ulikuwa wapi, hakuruka hata neno. Mwanaume mwenye elimu, mwenye sauti ya kuhutubia maaskofu, alikuwa amekaa kimya ananingoja mimi, mama Feza, nimalize na maharage. Niliona nywele za mikono yangu zimesimama. Mpaka leo nikilikumbuka jambo lile, zinasimama. Nimeona ndege ikitua, nimeona ziwa likipanda mpaka kwenye milango ya watu, sijaona kitu kikubwa kama kile.

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa lubunga ya wanawake wawili. Odette alipogundua amekosea alikuja kuomba radhi na kwaya mkononi, Riziki akamwambia, "Dada, leta makosa ingine." Akacheka yule Mrundi, akasema kule kambini kuna kijana wao anayezishusha nyingi sehemu yenye mtandao mzuri, na tangu hapo kila siku ya soko alituletea. Tulisikiliza tukimenya, tulisikiliza tukianika ndakala, tulisikiliza tukichambua maharage. Riziki alikuwa anasimamisha, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, midomo inafuata kama mtu anayejifunza wimbo, halafu anasimama mbele yangu na mwiko mkononi kama fimbo ya ubao, anafundisha. Mimi nilikuwa darasa. Kama sikuelewa, nilisema wazi, "Hapo umenipoteza," naye anaanza upya. Nilijifunza kwamba palikuwa na wafalme bondeni walioketi na mashauri kama lubunga zetu. Nilijifunza kwamba pembe za tembo wa milima yetu zilifika nchi zenye barafu. Na siku nilipomsikia yule mwanaume akilitaja ziwa letu kwa jina, na akaitaja Ubwari, nilishika ukuta. Ubwari, pale ninapoiona kila asubuhi nikimwaga maji! Mtu asiyenijua, ambaye hajala hata samaki mmoja wa kwetu, mgebuka, ana nchi yangu mdomoni, na anaitaja kwa heshima.

Shuleni mambo yalichangamka, na hapo ndipo matatizo yalipoingia. Riziki alipeleka kabafle darasani. Anawasikilizisha kidogo, anasimamisha, anauliza, wanabishana, anawasikilizisha tena. Watoto waliokuwa wanatoroka kwenda kuogelea walianza kukaa darasani, na madirishani wakasimama hata wasio wa darasa lile. Lakini wazazi wakasikia nusu, kama mimi, na wakaimaliza wenyewe: mwalimu analeta muziki, mwalimu anakaa, simu inafundisha. Wilondja akaja uani kwetu, kofia kichwani, hakukubali kiti.

"Shemeji, uyu mujukuu wako analipwa kwa kufundisha ao kwa kubonyeza?"

"Keti basi, shemeji. Kuna chai."

"Sitake chai. Historia haiko ya mashini. Historia iko na mwenyewe, iko na mvi."

Riziki alitoka ndani, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha. "Babu," akasema, "njo sababu nataka kukuomba. Ile sauti inajua mambo ya bantu bote, haijue bya kwetu. Kama unakubali, tutachukua sauti yako na simu, batoto ba Baraka basikie bya Baraka."

Alimwangalia kama mtu aliyeombwa ang'oe jino mbele ya soko. "Maneno ya lubunga," akasema, "haitembee inje kama mbuzi." Akageuka. Kwenye kona ya nyumba akasema bila kuangalia nyuma, "Pasaka iko karibu." Riziki aliingia ndani, nikasikia kitanda kimelia. Mimi nilibaki na birika mkononi. Chai nikainywa mwenyewe, yote, kwa hasira.

Nilifikiri juma zima. Wakati nalowesha mihogo nafikiri, wakati natwanga nafikiri. Kusema kweli sikuwa na hoja yoyote ya kumshinda Wilondja. Yeye ana maneno na mimi nina sahani. Ndipo nikasema, basi, sahani. Jumamosi nilipika vizuri kuliko siku ya ubatizo: mgebuka wa kukaanga na nyanya, sombe yenye mawese, bugali laini kama shavu la mtoto. Nikamwambia Riziki anitafutie ile ya ziwa letu, na anionyeshe kidole kinabonyeza wapi. Nikaingia lubunga, nimeinama kidogo, kama siku zote. Wananyamaza, kama siku zote. Nikaweka bugali, nikaweka samaki, nikaweka sombe, nikaweka maji ya kunawa, na katikati ya sahani nikaweka kabafle, nikabonyeza. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikasimama, nangoja vyombo.

Wazee walitazamana. Mmoja akanyoosha mkono aliondoe, lakini mkono ulikuwa na bugali, na yule mwanaume alikuwa amekwisha kuanza kwa sauti yake ile ya kutuliza ng'ombe. Akasema juu ya ziwa. Akasema juu ya kamba na shingo. Mikono ikapunguza mwendo. Akasema juu ya kijiji kimoja cha kandokando, namna walivyopeleka walinzi kilimani, namna mlinzi alivyoona mitumbwi mingi inakuja. Mzee mmoja akasema, "Mm." Mwingine, samaki iko nusu ya njia kwenda mdomoni, haifiki. "Na mlinzi akashuka mbio," ikasema sauti, "akafika mbele ya mkuu wa kijiji, akamwambia..." Hapo nikaja, nimeinama kidogo, nikabonyeza. Kimya. Nikakusanya sahani tupu, nikaweka kabafle juu yake, nikatoka.

Sijafika kwenye mti wa avoka nikasikia nyuma yangu: "We mama! We mama Feza!"

"Eh, bababa, wazee wangu?"

"Alimwambia nini?"

"Nani?"

"Ule mulinzi! Alimwambia nini mukubwa?"

"Mi sijue, bababa," nikasema. "Mi nabeba sahani."

Nilicheka njia nzima mpaka tumbo likauma. Jioni ile hawakuja. Jumapili baada ya kanisa, mzee mmoja alipita kwetu akijifanya anatafuta mbuzi. Jumatatu, mwingine naye mbuzi wake amepotea. Nikawaambia wote, "Mwenye kujua iko mwalimu, na mwalimu anangoja kuitwa." Na katikati ya juma Wilondja mwenyewe alituma neno, fupi, kama mtu anayetema mbegu: mwalimu aje na ile kitu yake, na wewe shemeji ulete chakula.

Riziki alikwenda amevaa kitenge chake cha kuanzia shule. Walimpa kiti, lakini karibu na mlango. Alibonyeza, mlinzi akasema alichosema, kijiji kikatawanyika, watu wakakimbilia mitumbwi na kuvuka kwenda rasi, "kila mtu kwa njia yake, kama kuku waliotishwa na mwewe," ikasema sauti. Mimi nilikuwa nje ya ukuta wa nusu na sahani zangu, nangoja zamu yangu ya kuingia. Nikasikia fimbo imegonga chini.

"Simamisha uyu muntu! Simamisha!" Riziki akasimamisha. "Kuku? Anasema kuku? Bababa betu hawakuvuka kama kuku!" Wilondja alikuwa amesimama, kofia imelala upande. "Ulizia uyu, mutumbwi ya mbele ilibeba nini? Anajua? Ya pili ilibeba nini? Kila mutumbwi ilikuwa na kazi yake! Moya mbegu, moya bazee, moya..." Akageukia lile kabafle, ameliinamia kama mtu wa kukaa naye meza moja. "We ndugu, unasema muzuri, lakini hapa umekosa!"

"Babu," Riziki akasema, taratibu sana, nami nje nilishika sahani kwa nguvu, "yeye hawezi kukusikia. Lakini batoto ba masomo banaweza." Akaweka simu yake juu ya meza. Akaibonyeza ichukue sauti. Halafu nikasikia kile kikohozi.

Akaanza. Ee Mungu, namna alivyoanza! Nilidhani najua sauti yake; nilikuwa najua ile ya kuagiza maji na ya kukemea wazazi. Hii ilikuwa nyingine, ilitoka chini zaidi, ilikuwa sauti ya baba mkwe wangu iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya kifua kingine. Akawashusha watu kutoka mlimani usiku mmoja hadi mwingine mpaka Lweba, ufukweni, akawapanga kwenye mitumbwi, mbegu kwenye mmoja, wazee kwenye mmoja, na kwenye wa mwisho mwanamke mmoja tu na wapiga makasia. Chakula kilikuwa kinapoa mikononi mwangu. Mzee mmoja akaniona, akaniashiria niingie. Nikaingia nimeinama kidogo. Na Wilondja alikuwa anasema, "Mwanamuke akasimama kati ya mutumbwi, iko na chungu cha moto mikononi, na upepo ikakuja." Akaniona. Akanyamaza.

Nikaweka bugali. Nikaweka mboga. Nikaweka maji. Maji yakamwagika kidogo juu ya meza karibu na simu, Riziki akaipangusa na kitenge chake bila kunyanyua macho. Nikageuka. Miguu yangu ilijua njia, imekwenda njia ile maisha yake yote. Nilikuwa nimefika mlangoni.

"We mama Feza," akasema Wilondja. "Unaenda wapi?"

"Natoka, shemeji."

"Ukitoka, kesho utatukatia tena ile ya kabafle." Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia katika ukoo ule, kama mtu anayeona kwamba sahani zilikuwa na mtu aliyezibeba. "Kaa," akasema.

Hakukuwa na kiti. Riziki akanipisha nusu ya chake. Nikakaa, tako moja, goti langu bovu limenyooka mbele ya wanaume, na hivyo ndivyo nilivyosikia. Yule mwanamke hakubaki amesimama. Mawimbi yalipopanda alikaa sakafuni mwa mtumbwi, akaweka chungu kati ya mapaja yake, akakiinamia, akafunika mdomo wa chungu kwa nguo yake, mgongo akaupa mvua. "Moto inataka hewa," Wilondja alisema, "maji inataka moto, na yeye iko kati yabo." Hakupiga kelele. Walipofika Ubwari kila kitu kilikuwa kimelowa, mbegu, mikeka, wazee, na hakuna aliyeweza kuwasha hata jani. Wakamwinua. Nguo ilikuwa imeshikana na ngozi. Na ndani ya chungu, makaa yalikuwa mekundu. Hakuruhusu mtu mwingine ayatoe. Alitembea vile alivyo, jiko kwa jiko, nyumba kwa nyumba, akiweka kaa moja moja, mpaka kijiji kizima kikatoa moshi. "Njo maana," akasema Wilondja, "ku kwetu, nyumba ikiwa mupya, moto ya kwanza inaletwa na mwanamuke muzee. Haiwezi kuwa mwanaume. Ata mukubwa wa lubunga, haiwezi."

Mimi niliangalia mikono yangu. Mikono hii imebeba kaa la kwanza kwenye nyumba za watoto wangu wote. Ng'ambo, ukimbizini, chini ya turubai la plastiki, nilibeba kaa kwenye kifuniko cha bati kwa ajili ya bibi arusi mmoja, watu wa kabila lingine wakacheka, kiberiti kipo. Nilifanya kwa sababu mama mkwe alifanya. Hakuna aliyetuficha sababu yake. Hakuna tu aliyefikiri kwamba tunasikia. Na miaka yote hiyo nilikuwa natembea jiko kwa jiko, ndani ya mwisho wa hadithi ile, sikujua.

Riziki alimchezeshea sauti yake mwenyewe, aone kama anakubali. Wilondja alisikiliza kichwa kimelala, mkono nyuma ya sikio. "Uyu muzee anasema muzuri," akasema. "Iko wa wapi?" Wenzake walianguka kwa kicheko, mmoja akamwaga maji ya kunawia. Alipoelewa, hakuaibika, alikaa wima, akaweka kofia sawa, akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Akasikiliza mpaka mwisho, makaa yote mpaka la mwisho. Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Ile maneno ya Pasaka niliyasema mi, na mi nayaondoa. Historia ibaki na uyu binti. Lakini asisahau ya mbegu. Ya mbegu sijamaliza."

Pasaka ilikuja ikapita. Watoto walimsikiliza babu yao akitoka ndani ya kabafle mbele ya ubao, na nasikia madirisha yote yalijaa vichwa. Yule mtoto wa swali akasema, "Kumbe tulikuwa tunafanya mingi." Wilondja aliimaliza ya mbegu, akasema na ya chui (alitoka, alitokea dirishani), na kila alipokuwa anasema, kulikuwa na kiti kimoja karibu na mlango ambacho hakuna mzee aliyekikalia. Chakula nilipeleka kama kawaida. Wanaume hawajajifunza kupika, msinidanganye.

Sasa amelala ardhini, na nyuma ya nyumba yake wanawake walikuwa bado wananiangalia nilivyokaa chini nacheka na kulia. Nikanawa povu. Nikazunguka nyumba mpaka mbele. Wazee waliobaki walikuwa wamekizunguka kile kiti kitupu chenye kabafle, na Riziki amekaa pembeni, macho mekundu. Wakanipisha. Nikakaa. Shemeji alikuwa anawashusha watu Lweba, anawapanga kwenye mitumbwi. Nikasikia sahani zangu zenyewe zinaingia, bugali inawekwa, maji yanamwagika. Nikasikia anasema, "Kaa."

Ndipo kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Mama Feza! Bugali inaungua!"

Wazee walinitazama. Nilinyoosha kidole changu chenye maji, nikabonyeza. Nikaenda jikoni bila haraka, nikaondoa kuni moja, nikaongeza unga, nikageuza mpaka ikawa laini, nikaifunika. Nikarudi nikakaa kwenye kiti changu. Wilondja alikuwa palepale, ndani ya mtumbwi na yule mwanamke, ananingoja.